Redio iliyofungwa, Android au simu tu? Na GPS ya kulipia kila mwaka (ulinganisho)

Bi_Chumbageni (Tanga)

Wakuu, habari za jioni. Naomba tulinganishe mambo mawili, maana kila duka ninaloingia linanipa jibu linaloingiza hela dukani kwao.

La kwanza ni redio. Gari langu ni dogo la Kijapani, la 2016. Liko safi kila mahali isipokuwa kioo cha katikati. Kinadai kadi ya ramani ambayo haimo, na bila hiyo kadi hakuna redio, hakuna bluetooth, hakuna chochote. Kifaa nimekinunua na ushuru nimelipa, lakini kinasubiri ruhusa ya kadi iliyobaki Japani.

La pili ni GPS. Kampuni iliyonifungia inataka Tsh 180,000 kila mwaka. Nikichelewa, programu kwenye simu inafungwa na sioni gari liko wapi. Kifaa chenyewe nilikilipia taslimu siku ya kwanza, si cha kukodi.

Kwa redio nina njia tatu: kuifungua ya asili, kuweka redio ya Android ya inchi 9, au kushikiza simu kwenye dashibodi yaishe. Kwa GPS: kubaki na kampuni, au kununua ile ndogo ya kuweka laini yangu mwenyewe. Safari zangu ni Tanga–Dar na Lushoto. Kule milimani mtandao unakatika, mlizingatie hilo.

FundiUmeme_Ilala

Dada, hizo redio za Kijapani haziko namna moja. Kuna zinazodai namba ya siri baada ya betri kutolewa. Nyingi za hizo zinaonyesha namba ndefu kwenye kioo, na namba ya kufungulia hupatikana kutokana na ile. Unalipa, unaingiza, unaondoka. Mtu asikuambie lazima abaki na redio mpaka kesho.

Yako ni aina ya pili. Sehemu ya programu inayoiendesha imo kwenye kadi, na kadi yenyewe inatambuliwa, kwa hiyo kunakili ya jirani kwenye memori kadi ya kawaida hakusaidii. Wanaouza kadi zilizotengenezwa wapo. Kabla hujatoa hela, soma namba ya modeli kwenye kibandiko cha redio, iwe ndiyo hiyo hiyo, na ijaribiwe kwenye gari lako ukiwepo.

Sasa jiulize, ikishaamka unapata nini? FM ya Kijapani inaanzia 76, na nyingi zinaishia 90 au 95. Stesheni zetu ziko 87.5 hadi 108, kwa hiyo unanunua kidude cha kubadilisha masafa na bado zinakuja kwa namba zisizo zake. TV iliyomo haitashika kitu: mfumo wa kurushia TV Japani ni ISDB-T, sisi tuko DVB-T2. Ramani inakuonyesha Hokkaido mpaka Okinawa. Menyu ni Kijapani. Unabaki na bluetooth na kamera ya nyuma.

Sauti yake ni nzuri, nakubali. Vioo vya asili vina sauti kuliko Android nyingi za madukani. Ila hela hiyo mimi nisingeitoa.

Ngosha_wa_Kirumba

Na yule mama wa Kijapani anayeongea kila ukiwasha gari, yeye naye anadai kadi gani?

FundiUmeme_Ilala

Huyo ni wa ETC, kifaa cha kulipia barabara za kasi za kwao. Chomoa kile kiboksi chini ya dashibodi, atanyamaza. Gari halidhuriki.

Mshomoroni254 (Mombasa)

Dada, mimi nishapita njia ya Android, nikupe ukweli wake. Ile ya kwanza kuweka ilikuwa ya bei ya kutupa. Ukiingia kwa mipangilio yasema RAM, ile memori ya kufanyia kazi, ni GB 8, ukipima kwa programu ya kupimia wakuta ni 2. Ukiiunganisha na intaneti yajisasisha bila kuuliza, na siku moja ikarudi na duka lake la programu na matangazo juu ya ramani. Yaani matangazo kwa kioo changu, ndani ya gari yangu! Tena huwa hazilali vizuri. Gari ikikaa wiki uwanja wa ndege, betri imekufa.

Lakini wewe umesahau njia ya nne. Kuna redio zisizokuwa na Android ndani, zina Android Auto na CarPlay pekee, yaani ya kuleta programu za simu yako kwa kioo cha redio. Kifaa chenyewe hakijui kitu, akili yote iko kwa simu. Simu ikizeeka wabadilisha simu, redio yabaki. Haina akaunti, haina laini, haina cha kujisasisha usiku. Ndiyo niko nayo saa hii.

Na milimani: pakua ramani kabla ya kutoka nyumbani. Google Maps inakubali eneo kuhifadhiwa, na Organic Maps haihitaji mtandao kabisa ukishapakua nchi yako.

Bi_Chumbageni

Hiyo ya nne sikuijua, na dukani hakuna aliyenitajia. Kuna siku watadai na hiyo CarPlay ilipiwe?

Nuru_Leicester (Uingereza)

Walishajaribu, dada. BMW kule Marekani waliwahi kutoza dola 80 kwa mwaka ili CarPlay iendelee kufanya kazi. Wateja walipiga kelele, wakaacha mwishoni mwa 2019. Hawakukoma. 2022 hapa Uingereza kupasha joto viti kukawa na bei ya pauni 15 kwa mwezi. Nyaya za joto zimo ndani ya kiti tayari, umeme ni wa gari lako, wanachokuuzia ni kuondolewa kufuli. 2023 wakasema wameachana na hilo la viti. Mercedes nao 2022 walitangaza Marekani dola 1,200 kwa mwaka kwa baadhi ya magari yao ya umeme, ili yachomoke haraka zaidi kwa injini zile zile.

Linaloniudhi kuliko yote ni la rimoti. Kwenye baadhi ya Toyota za Marekani, kuwasha gari ukiwa mbali kwa kitufe cha rimoti kulitegemea usajili. Muda wa majaribio ukiisha na hulipii, kitufe hakiwashi. Na ile rimoti inazungumza na gari moja kwa moja kwa mawimbi ya redio! Hakuna seva, hakuna bando, hakuna gharama anayoibeba mtu kila mwezi.

Halafu kuna upande ambao hata ukiwa na hela hulipii ukapona. Aprili 2024 Nissan walizima huduma ya programu ya simu kwa magari yao ya umeme ya Leaf ya hapa yaliyotengenezwa kabla ya 2016, kwa kuwa vifaa vyake vya mawasiliano ni vya 2G. Mitandao ya hapa wala haikuwa imezima 2G. Gari linatembea, linachaji, ila kuliwasha joto asubuhi ya barafu kutoka kitandani ndiyo basi. Marekani kampuni ya simu ya AT&T walipozima 3G Februari 2022, magari mengi yalipoteza hata huduma ya kuita msaada baada ya ajali.

Kwa hiyo hiyo GPS, muulize muuzaji ni 2G tu au inashika na 4G.

KakaHesabu

Nafanya kazi upande wa mikopo, leo acheni niwe mbaya wenu.

Ada si wizi kila mara. GPS ina laini ndani, laini inakula bando mchana na usiku. Seva inahifadhi safari zako za miezi. Gari likiibiwa saa nane usiku kuna mtu anapokea simu na kumwelekeza askari. Hivyo vyote vinalipiwa na nani? Mbona M-KOPA, wale wanaouza simu kwa mkopo, wanafunga simu usipolipa na watu wanazidi kupanga foleni?

Bi_Chumbageni

Kaka yangu, M-KOPA ni mkopo. Una siku ya mwisho. Ukimaliza, kufuli linatoka na simu ni yako. Nionyeshe siku ya mwisho ya ada yangu.

Bando na huyo wa saa nane usiku nitawalipa, sina ugomvi. Nisicholipia wasinipe. Lakini nikiacha kuwalipa, kile kifaa kikubali laini yangu. Walivyofanya wao ni king'amuzi: kifurushi kikiisha unabaki na boksi la kuwekea kitambaa.

KakaHesabu

Hapo umenibana. Kufungia kifaa kilicholipiwa taslimu sikutetei. Nilichokuwa natetea ni huduma.

FundiUmeme_Ilala

Kufungua kunawezekana mara nyingi. GPS nyingi zinazofungwa huku ni za kawaida tu kutoka China, na zinaelekezwa seva kwa kutumiwa SMS yenye nywila, anwani ya seva na mipangilio ya intaneti ya laini. Kampuni inabadilisha nywila ili usihame. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kulipa GPS yoyote: nywila ya kifaa nitapewa? Wakigoma, bei ya kifaa ishuke, kwa sababu hujauziwa.

Ulinganisho wangu, kwa gari lako. Ya laini yako mwenyewe ni nafuu kwa mbali: vocha kidogo, unaituma SMS, inakujibu gari lilipo. Kule Lushoto ambako intaneti inasuasua, SMS hupita mahali ambapo ramani ya moja kwa moja haipiti. Ubaya wake, ulinzi wote ni wewe. Simu yako ikiwa imezimwa usiku, hakuna mwingine. Laini isajiliwe kwa alama za vidole vyako, siyo vya fundi, na uitumie mara kwa mara, laini iliyokaa kimya miezi mingi kampuni ya simu huifunga.

Gari la biashara au linalolala barabarani, lipia kampuni. La kwako linalolala ndani ya geti, weka laini yako.

Mshomoroni254

Mimi kwa hapo nabaki na kampuni, fundi. Kuna wizi wa gari ambao SMS yako haifui dafu, wezi wanakuja na kifaa cha kuziba mawimbi. Si kwamba kampuni haizibwi, lakini angalau wanaona gari imepotea kwa ramani na wanakupigia. Wewe umelala.

Kitu kingine, ile relei ya kukata pampu ya mafuta kwa SMS. Usikubali iwekwe ya kukata papo hapo. Gari yaweza kuzimika ukiwa Mlima wa Kitonga na lori nyuma. Iwe ile inayongoja mwendo ushuke.

FundiUmeme_Ilala

Kweli kabisa hiyo ya pampu.

Bi_Chumbageni, ukichukua redio ya Mshomoroni, mambo mawili umwambie atakayeifunga. Kamera ya nyuma ya asili kwenye magari kadhaa ya Kijapani inakula volti 6, na redio mpya inatoa 12. Mtu akiunga bila kupima, kamera inaungua hapo hapo na atakuuzia nyingine. Apime kwanza, aweke cha kupunguzia.

Pili, asikate soketi za asili. Nyaya za kuunganishia zinazoingia bila kukata zinauzwa kwa kila modeli, na kama vitufe vya usukani unavitaka, mwambie mapema ili alete na kile kiboksi chake. Ile redio ya zamani itie kwenye boksi uitunze, siku ukiuza gari mnunuzi ataiulizia.