MREJESHO: Nilikuwa natafuta mafunzo ya bure ya Django

Wakuu, mwezi wa tatu niliuliza wapi nijifunze bure Django, zana ya kutengenezea tovuti kwa lugha ya programu ya Python. Python ya mwanzo ninayo, ada sina. Asanteni sana mlionijibu.

Nilianza na mafunzo ya Django Girls kama mlivyoshauri (yamelenga wanawake ila wanaume pia tunasoma, niliona aibu bure). Unajenga blogu tangu mwanzo, kisha unaiweka hewani kupitia huduma ya PythonAnywhere bila kulipa. Nikahamia mafunzo rasmi ya Django, yale ya sehemu 8 ya kutengeneza programu ya kura. Hapo siku mbili nzima naambiwa jedwali halipo, kumbe nimeandika makemigrations (amri ya kuandaa mabadiliko ya hifadhidata) nikasahau migrate (amri ya kuyatekeleza)! Mdau mmoja alishanionya, nikapuuza. Mkuu, nisamehe.

CS50W, kozi ya Harvard ya kutengeneza tovuti, imenishinda kwa sasa. Video ni ndefu, bando linakata katikati, na lugha ya JavaScript imenikalia kooni.

Kazi bado sijapata. Ila stoo ya duka la mjomba sasa inahesabiwa kwa mfumo nilioandika mwenyewe, daftari kalitupa juu ya kabati. Mnaoanza, sehemu ya 5 ya mafunzo rasmi, ya kuijaribu programu yako, msiiruke. Mimi niliiruka, nikairudia kwa machungu.