Kaunta ya jiko bila kumaliza hela: mninga, simenti au mabaki ya graniti?

MamaNzuguni
Wakuu, habari za jioni. Nimehamia nyumba yangu huku Nzuguni, Dodoma, kabla haijaisha. Jikoni kuna vijiukuta vya tofali usawa wa kiuno, urefu mita 3, upana sentimita 60, juu wazi. Mboga nakatia kwenye ubao niliouweka juu ya ndoo mbili. Nataka kuweka kaunta kwa mikono yangu, na hela ya madirisha isiguswe. Waliojaribu naomba ushauri.

FundiKizota
Mama, mninga ni mbao nzuri sana, ila kwa Dodoma hakikisha imekauka kweli. Kiangazi chetu hakina huruma. Niliwahi kumwekea mteja mbao ambayo haijakauka sawasawa. Kufika Septemba viungio vimeachana hadi sarafu inaingia. Nilirudia kazi kwa gharama yangu. Na alizeti msipake, hata kama madebe yamejaa ndani: inabaki kunata na kukusanya vumbi. Tumia mafuta ya kitani, tabaka jembamba jembamba, kisha nta ya nyuki. Sufuria ya moto bado itaacha alama.

Veyula_Juu
Sisi tulimwaga slabu wenyewe, mimi na mwanangu. Zege unene sentimita 6, nondo za milimita 8, juu niru, yaani simenti laini iliyosuguliwa. Teraso, ile ya simenti na vipande vya mawe, tuliiacha kwa sababu inataka mashine ya kusagia. Maji ya mgao hayatoshi kumwagilia kutwa, kwa hiyo tulilaza magunia mabichi tukafunika na nailoni siku 7. Imetulia mwaka wa tatu huu. Kasoro ni moja: pale ninapokamulia ndimu pamechubuka, pana weupe wa mviringo kama kisahani. Ukwaju nao hivyo hivyo.

Ihumwa_Kwetu
Hapo kwenye ndimu ndipo graniti inaposhinda. Simenti na marumaru zina chokaa, asidi inazila, graniti haishtuki. Nenda kwa wakata mawe uulizie vipande wanavyovitoa wakitoboa tundu la sinki. Vimeshang'arishwa upande mmoja, na mara nyingi vinakaa nje tu vinapigwa jua. Rangi hazitafanana, panga kabla ya kubandika. Uzito uufikirie: unene wa sentimita 2 ni kama kilo 54 kwa mita ya mraba. Tofali zinabeba bila shida.

FundiKizota
Naunga mkono. Majabali ya hapa mjini nayo ni graniti, lakini ukipasua kwa nyundo hupati uso wa kukatia nyanya.

MamaNzuguni
Asanteni sana jamani. Basi namwaga slabu, graniti naiweka upande wa sinki na pa kukatia, kwingine niru. Tundu la sinki natoboa baadaye?

Veyula_Juu
Usithubutu mama! Tengeneza boksi la mbao la ukubwa wa tundu, lipake oili chafu, lipige misumari kwenye fomu, zile mbao za kushikilia zege, kabla ya kumwaga. Sisi tulisahau, tukakesha na grenda.