Naomba ushauri: kununua kiwanja cha urithi nikiwa mbali

Ndugu wanachama, habari za kazi. Mimi ni mwajiriwa wa kampuni binafsi jijini Mwanza, na ninakusudia kununua kiwanja Kibaha, ambacho ni mali ya marehemu na kinauzwa na watoto wake. Kaka yangu amekwenda kukiona. Mawe ya mipaka yapo, moja likiwa limefunikwa na mizizi ya mkorosho, na majirani wanawatambua wauzaji. Hati ipo, lakini bado ina jina la baba yao, na barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi hatujaonyeshwa hadi leo, jambo linalonitia wasiwasi kuliko hata bei. Mwenyekiti wa mtaa yuko tayari kushuhudia mauziano, ila ninavyoelewa, ushahidi wake hauchukui nafasi ya upekuzi wa kumbukumbu za umiliki katika ofisi ya ardhi.

Sheria ya kazi inanipa likizo ya siku 28 kwa mwaka, nami nilikuwa nimeitenga kwa ajili ya kumuuguza mama. Je, niitumie sasa kufuatilia mwenyewe, au wakili aliyeko huko anatosha? Na wauzaji wakidai malipo ya awali kabla barua ya mahakama haijapatikana, ni njia gani salama ya kuyatoa, kama ipo?