Raifo ya bolti ya bei nafuu, kaliba .30-06: niifufue au ninunue mpya?

Mwana_Chumbageni
Wakuu, salaam. Nina raifo ya bolti ya Kimarekani, zile za bei ya chini (chapa siitaji), kaliba .30-06, kitako cha plastiki, na darubini ni ileile iliyokuja nayo kwenye boksi. Leseni iko hai, matumizi ni porini Handeni na Kilindi kwa kibali. Nikipiga mita 100 juu ya mfuko wa mchanga, risasi tatu za kwanza zinakaa ndani ya sentimita 4. Ya nne na ya tano zinapanda juu kulia, kundi zima linafika sentimita 12. Siku nyingine mtutu ukiwa baridi kabisa, ziro (pale darubini ilipolengeshwa risasi ipige) nayo imeshahama. Triga nzito.

Nimeambiwa kitako kipya, triga mpya, darubini mpya, na kuna aliyesema hata mtutu nibadili. Nikijumlisha naikaribia bei ya raifo mpya. Halafu wapo wanaonishawishi nipandishe iwe .375 nipate na nyati. Mwenye ujuzi anisaidie.

FundiMtutu_Ngamiani
Mkuu, hapo una magonjwa mawili, na wanaokushauri wanayatibu kama moja.

La kwanza ni hilo la risasi ya nne. Mtutu ukipata moto na kundi likaanza kutembea upande uleule kila mara, kuna kitu kinausukuma. Kulia juu mara nyingi maana yake plastiki inaugusa chini kushoto. Toa risasi zote, chomoa bolti, kisha pitisha noti ya elfu kumi kati ya mtutu na kitako, kutoka mdomoni kurudi hadi karibu na chemba (pale risasi inapokaa). Ikikwama, umempata mchawi wako. Ikipita, usishangilie bado: iweke raifo juu ya mfuko kama unavyopiga, ikandamize kidogo, upitishe noti tena. Vitako hivi vya plastiki vinapinda mbele, hasa mfuko ukikaa kule kwenye ncha. Usogeze mfuko urudi karibu na magazini. Wengine tatizo linaishia hapo bila kutoa hata shilingi.

La pili, ziro kuhama mtutu ukiwa baridi, huko uangalie darubini na vishikizo vyake kabla ya kitu kingine chochote. Pigia mstari mwembamba wa rangi ya kucha unaopita kwenye kishikizo na bomba la darubini. Baada ya risasi kumi angalia kama mstari umekatika. Ukikatika, bomba linateleza kwa teke (msukumo wa bunduki kurudi nyuma). Fungua vyote, futa mafuta kwa spiriti, funga upya kwa bisibisi ya toki (inayopima nguvu ya kukaza): skurubu za bezi, kile kipande kinachobeba vishikizo juu ya bunduki, nyutoni-mita 2 hivi, zikiwa na tone la loctite ya bluu (gundi ya skurubu), za vishikizo 1.7 hadi 2, kavu. Za kukamata kitako cha plastiki kitupu ni 3.5 hadi 4, usizidishe, plastiki inabonyea na utakuwa unakaza kila wiki. Mstari ukibaki mzima na ziro bado inahama, azima darubini inayoaminika uijaribu. Darubini za kwenye boksi ndizo zinazokufa mwanzo kwa teke la .30-06.

Jaribu kwa risasi za boksi moja, uzito mmoja. Ukichanganya za greni 150 na 180 hakuna utakachojifunza.

Pongwe_Juu
Naongezea upande wa karatasi. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, matengenezo ya silaha ni ya fundi mwenye leseni ya kazi hiyo. Kusafisha na kukaza skurubu ni mambo yako, lakini mtutu, chemba na triga usimpe fundi wa mageti hata kama ana mashine nzuri ya kuchongea. Na leseni yako imeandikwa kaliba. Ukibadili kaliba, unachobeba si kilichoandikwa.

Hiyo ya .375 isahau kabisa kwenye mwili huo (sehemu ya chuma inayobeba bolti). Ukingo wa chini wa ganda la .30-06 una kipenyo cha milimita 12, wa .375 H&H milimita 13.5, kwa hiyo uso wa bolti hautakamata. Risasi nzima ni milimita 91 dhidi ya 85, magazini nayo haitoshi. Nyati anahitaji bunduki iliyoundwa kwa ajili yake, kama Brno ZKK 602 au CZ 550 ya magnamu, na hizo utazipata mtumba.

Baharia_wa_Duga
Kabla hamjamuuzia kitako, mwangalie mtutu ndani. Huku kwetu mwambao chumvi inakula chuma kimya kimya, na mkoba wa sponji ni adui namba moja: unyevu unaingia, hautoki.

Mulika mdomoni. Ukiona michirizi ya rangi ya shaba, safisha kwa dawa ya shaba yenye amonia: kitambaa chenye dawa, subiri dakika 10, kitambaa kikavu, rudia mpaka kisitoke bluu. Tumia ncha na brashi ya nailoni, maana ncha ya shaba nayo inatoa bluu na utasafisha hadi Iddi. Dawa hiyo hailali ndani ya mtutu. Ukimaliza, ikaushe na upake mafuta mepesi.

Kisha vuta pamba ya masikio kutoka ndani kuja nje, mzunguko mzima wa mdomo. Ikinasa nyuzi mahali, mdomo umejeruhiwa, mara nyingi kwa fimbo ya kusafishia kuingizwa kwa mbele. Fundi mwenye leseni anauchonga upya kwenye leti, ni kazi ndogo. Ila kutu ikishachimba vishimo karibu na chemba, au maganda yanatoka na duara linalong'aa sentimita moja hivi juu ya ukingo wa chini, simamisha kupiga. Duara hilo ni dalili ya ganda kuvutika na kutaka kukatika. Chemba ipimwe kwa geji (kipimo cha chuma chenye umbo la ganda). Bolti ikifunga kwenye geji ambayo haipaswi kufunga, hapo ndipo mpya inapokuwa rahisi kuliko kufufua.

Mwana_Chumbageni
Shukrani wakuu. Noti imekwama, sentimita 15 kutoka ncha ya mbele ya kitako, upande wa kushoto kweli. Bomba limeteleza pia. Mtutu ndani safi, maganda hayana duara. Kwa hiyo kitako kipya?

FundiMtutu_Ngamiani
Bado. Zungushia msasa namba 80 kwenye kipande cha bomba la PVC chenye unene unaokaribia mtutu, ukwangue mfereji hadi nafasi ifike milimita 2 kila upande. Ukishakwangua, kitako kitalegea zaidi, kwa hiyo kiimarishe: laza fito mbili za chuma za milimita 6 ndani ya vile vyumba vitupu vilivyo chini ya mfereji wa mtutu, umiminie epoksi. Plastiki hiyo haishiki gundi vizuri, toboa vishimo vidogo vya milimita 3 kwenye kuta ili epoksi ijing'ang'anize.

Kibamba cha chuma kinachopokea teke, kama kwenye yako kimekaa kwenye kitako na si kwenye mwili, kitikise kwa mkono. Kikicheza, kizungushie epoksi ya chuma. Mwili wa bunduki upake nta ya viatu isiyo na rangi, tabaka mbili, uzibe kila tundu kwa udongo wa kuchezea watoto, la sivyo utaigandisha milele. Usikaze skurubu, funga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, acha saa 24. Kwa joto la Tanga epoksi inaganda haraka: changanya kidogo kidogo, alfajiri.

Triga iache mwisho, na umpelekee fundi mwenye leseni. Uzito wa kuivuta chini ya kilo 1.2 sikushauri porini. Spring isikatwe. Ikirudi, jaribu ikiwa tupu: koki, ugonge kitako kwenye mkeka mara kadhaa, kisha sefti ikiwa imefungwa vuta triga, achia, fungua sefti. Ikifyatuka popote hapo, irudishe kwake.

Fedha uliyotaka kuweka kwenye kitako, nunulia darubini na vishikizo vya chuma.

Pongwe_Juu
Na siku ukiamua mpya kweli, ukiona Ruger American ujue mwili wake unakalia vibamba viwili vyenye umbo la V ndani ya kitako, kazi ya epoksi haipo. Tikka T3 za mtumba zina kibamba cha alumini, kiangalie kama kimebonyea. T3x, za kuanzia 2016, kimekuwa cha chuma.