Corolla 110 imegonga beringi: ninunue standadi au 0.25?

Kijana wa Mbagala
Habari za jioni wakuu. Nina Corolla 110, injini ya 5A. Jumamosi nikiwa Barabara ya Mandela, kabla ya kufika Buguruni, taa ya oili iliwaka. Nikasogea kidogo kutafuta pa kuegesha, ikaanza kugonga. Fundi ameifungua, beringi ya koni (mkono wa pistoni) ya silinda ya tatu imelika hadi shaba inaonekana. Nimezunguka Kariakoo na kipande kimoja mkononi. Duka la kwanza wananiambia standadi, yaani saizi ya kiwandani, la pili wanasema gari la umri huu chukua 0.25, ile nene kidogo. Fundi anataka ninunue zote mbili, tujaribishe. Gari hili ndilo linalompeleka mama kliniki Muhimbili, sitaki lifunguliwe mara mbili. Nishike lipi?

Baba Zai
Mimi nilichukua injini ya mtumba Ilala, siku mbili nikawa barabarani.

Kijana wa Mbagala
Hela ya injini sina mkuu, na bloku ni nzima.

Fundi wa Gerezani
Pole mdogo wangu. Usinunue chochote bado. Beringi hainunuliwi kwa umri wa gari, inanunuliwa kwa kipimo cha krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Standadi ni ya krenki isiyochongwa, 0.25 ni ya krenki iliyopunguzwa robo milimita.

Anza na hicho kipande ulichonacho: kigeuze, soma mgongoni. Kikiwa na STD, huenda krenki haijawahi kuchongwa. Kikiwa na 025, kuna mtu alishachonga kabla yako, na pengine sasa utakwenda 0.50.

Kisha peleka krenki ikapimwe kwa maikromita, kila shingo (pale beringi inapokaa), huku na huku, maana shingo iliyogongwa huwa yai. Kwenye 5A shingo za koni ni milimita 40 ikiwa mpya, za mein, zinazokaa kwenye bloku, ni 48. Ukipitisha ukucha ukakwama kwenye mkwaruzo, hiyo ya kuchongwa. Hata ikiwa imeumia moja, koni zote nne zinachongwa sawa, kwa sababu beringi zinauzwa kwa seti. Ukishaambiwa itasafika kwa saizi gani, nunua, umpelekee mchongaji beringi zenyewe achonge akizifuata.

Hilo la kujaribisha likatae kabisa. Beringi nene kwenye krenki isiyochongwa, ukikaza kofia (kifuniko cha beringi) krenki inakwama, halafu mtu anashika msasa anakwangua beringi mpaka izunguke. Ule utando wa juu ni mwembamba mno, na ndio unaobeba kazi. Nimepokea injini nyingi zilizokwanguliwa hivyo na inaniuma, kwa sababu mwenye gari analipa upya kila kitu. Standadi nayo kwenye krenki iliyochongwa, oili inamwagika pembeni na presha haipandi.

Halafu, taa iliwaka kabla ya kugonga. Fungua sampu (bakuli la oili), angalia stena, yaani chujio la kunyonyea oili, na pampu ya oili. Usipojua kilichoua beringi ya kwanza, ya pili itakufa vilevile.

Kijana wa Mbagala
Kaka fundi, Mungu akubariki. Mgongoni imeandikwa 025! Shingo mbaya imepimwa 39.71, mchongaji anasema 0.50 itatosha. Na stena imezibwa na vipande vya gundi ya silikoni, aliyefungua sampu zamani aliipaka nyingi. Mein ziko ndani ya kipimo. Swali la mwisho: kwenye seti ya mein vipande vingine vina mfereji na tundu, vingine vitupu. Vinakaaje?

Fundi wa Gerezani
Vya tundu vinakaa upande wa bloku, tundu litazame njia ya oili. Ukivigeuza, shingo inakosa oili tangu siku ya kwanza. Mgongo wa beringi uwe mkavu, oili paka usoni tu. Kofia zirudi kila moja mahali pake. Matundu ya krenki yapulizwe kwa upepo baada ya kuchongwa, unga wa jiwe hubaki humo. Kabla ya kufunga moja kwa moja, laza uzi wa plastiki wa kupimia, kaza kwa toki renchi (spana ya kupimia nguvu ya kukaza) bila kuzungusha krenki, ufungue usome upana: koni zikikupa nafasi kati ya milimita 0.02 na 0.05, funga.

Kijana wa Mbagala
Nimeelewa. Krenki naichukua Alhamisi, nitaleta vipimo hapa kabla hatujafunga.