Tupeane uzoefu: vikundi vya kujitolea kuchonga njia za baiskeli milimani, mligombana kwa nini na mkapatana vipi?

Mleta mada (Limuru)

Wakuu, salaam. Sisi ni watu kumi na wanane, tunaendesha baiskeli za mlimani, na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunaziacha, tunashika jembe na sururu kutengeneza njia msituni. Hakuna anayelipwa, hata chai tunabeba wenyewe. Kila tukitukanana kwenye kundi la WhatsApp, nikifuatilia mzizi nakuta ni swali lilelile: nani aliamua? Naanza na yangu.

Tulichonga njia kwenye ubavu wa kilima. Ruhusa tulikuwa nayo: sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu chama cha jamii kiingie mkataba na KFS, shirika la serikali la misitu, na sisi tuko chini ya chama hicho. Wiki tatu baadaye vijana wetu wawili wakaenda kimyakimya wakachimba tuta la kurukia kule chini, palepale akina mama wa kuni wanapokatiza. Mama mmoja akakwepa baiskeli, mzigo ukamwangukia begani. Kikaoni nusu yetu tukauliza, "Kwani hana njia nyingine?" Mimi nilinyamaza, na sijivunii.

Siku ya kazi iliyofuata mama akaja mwenyewe. Hakufoka. Alipanda hatua kumi hivi juu ya tuta, akachomeka fimbo kwenye udongo: "Mwezi wa nne maji yanapita hapa. Hilo lenu litakuwa bwawa." Tulicheka. Mwezi wa nne, bwawa, na vyura juu. Siku hizi hatupigi jembe kabla ya kupita naye, na kwenye njia ya kuni tunashuka tunakokota. Kati ya wale vijana mmoja alihama kikundi. Mwingine ndiye haachi reki.

Haya, leteni yenu.

Tope la Pasifiki (Vancouver)

Mama huyo angefaa huku, mvua hainyamazi. Njia za milima ya North Shore, hapa kaskazini mwa jiji, zilianza kwa watu wa kuchonga njia kwa kujificha. Walikuwa wanapasua mierezi iliyoanguka, wanaipanga vidaraja vyembamba juu ya tope, kibali cha nani? Sasa kuna vyama, bima na vikao.

Nilijiunga na kikundi kimoja, siku ya kwanza nikapangiwa kujaza mawe na changarawe kwenye mizizi mikubwa ili watoto nao wapite. Nilifanya kwa moyo mmoja. Mzee akapita, akasimama, akaangalia, akaondoka bila neno. Kumbe ndiye aliyeifungua njia hiyo miaka ishirini nyuma, na mizizi aliiacha makusudi. Kwake nilikuwa nimemwaga zege shambani mwake. Tulirushiana barua pepe msimu mzima wa baridi, nyingine naona aibu kuzisoma.

Mwishowe tukakubaliana hivi: anayetaka kubadili njia amtafute kwanza aliyeichimba, waitembee wote wawili. Ya wepesi ichongwe pembeni, ngumu ibaki ngumu. Mpaka leo naona mzee anazidisha. Ila kwenye maji simbishii. Alinionyesha kwa mikono: mwinuko wa njia usivuke nusu ya mwinuko wa ubavu, la sivyo maji hayakatizi kwenda bondeni, yanageuka kuifuata njia, na mvua mbili tu una mfereji.

Kanyagio

Nafuatilia. Kwetu tuligombania ufunguo wa stoo ya sururu. Sina cha kuongeza, bado tunagombana.

Mama Pacha (California)

Niko kaunti ya Marin, baiskeli hizi zilikozaliwa. Mbio za Repack, za kushuka mlima, zilianza 1976. Ugomvi na watembea kwa miguu na wapanda farasi nao haukuchelewa. Mlima Tamalpais wa huku kuna kikomo cha mwendo kwenye barabara za zimamoto: takriban kilomita 24 kwa saa, na 8 kwenye kona usizoona mbele.

Mimi nilitokea nyuma ya farasi kimya kabisa, nikidhani ndiyo adabu. Farasi akaruka, bibi aliyempanda akanifokea hadi machozi yakanitoka. Nilipofika kwenye kikundi wakanicheka kwanza, ndipo wakanieleza kwamba kimya ndicho kinachomtisha, anadhani ni puma anamnyemelea. Akisikia sauti ya mtu anatulia. Basi sasa nikiona mkia wa farasi nasimama upande wa bondeni na kupaza sauti: "Shikamooo!" Yule bibi tulikuja kushika koleo pamoja siku moja. Ananiitikia "marahaba", na mimi sikumfundisha.

Mshambaa halisi (Lushoto)

Huku kwetu kuchimba njia bure si habari, ni msaragambo, tumekua nao. Kilichotuvuruga ni dola. Sisi tunaziba makorongo, halafu kijana mmoja mwenye baiskeli nane anapeleka wageni njia ileile na kutia mfukoni. Wazee wakagoma: "Tunamlimia nani?" Alijitetea kwamba njia ni ya wote. Kweli ni ya wote, lakini hakukutulia hadi tulipopanga kwamba anayepeleka wageni atoe siku mbili za jembe kabla ya masika, yeye mwenyewe, asitume kibarua. Mwaka wa kwanza alituma kibarua. Tulimrudisha.

Kanyagio

Mleta mada, swali. Huyo mama wa fimbo, mnamlipa?

Mleta mada (Limuru)

Umenishika. Hatumlipi. Siku za kazi tunambebea kuni kwa pikapu hadi nyumbani, basi. Baada ya kusoma hii ya Lushoto nimeona nilipeleke kikaoni Jumamosi. Najua wawili watakaopinga, na mmoja ndiye mwenye pikapu.