Nati za alumini au za chuma kwa spoti rimu, ipi inafaa barabara zetu?

ForestaBusia
Wakubwa habari zenu. Nimepata spoti rimu inchi 17 za Subaru Forester yangu, sasa nati za zamani hazikubali, tundu la hii rimu ni jembamba na spana ya kawaida haipiti. Pale Kisekka, soko la spea Kampala, nimeonyeshwa aina mbili, za alumini za rangi rangi (nyekundu, buluu, zambarau) nyepesi kabisa mkononi, na za chuma nyeusi ambazo hazina mbwembwe. Muuzaji anasisitiza nichukue alumini, anasema ndio wanafunga watu wa rally na hazishiki kutu. Mimi nakimbia Busia Kampala kila wiki na mara nyingine naingia vijijini upande wa Tororo kwa murram, barabara za udongo na changarawe. Bei alumini iko juu. Naombeni ushauri wa watu waliozitumia.

MakanikaNdeeba
Kaka chukua chuma. Nakwambia hivi kwa sababu naona magari kila siku na tatizo la alumini hapa kwetu si alumini yenyewe, ni mkono unaoifunga. Ukipata panchari Iganga au Lugazi yule kijana wa tairi atachukua mashine ya upepo apige mpaka isimame, au kama hana umeme ataweka bomba kwa wili spana asimame juu na mguu. Chuma itavumilia hiyo mara nyingi, japo nayo si vizuri. Alumini inaanza kuliwa meno ndani, unafungua unakuta unga mweupe na vipande vimebaki kwa stadi, ile bolti ya gari inayoshika nati, siku nyingine inakwama katikati haiendi mbele hairudi nyuma, hapo ni kukata na kubadilisha stadi. Na ukiangalia nje bado rangi inang'aa, huwezi kujua kama meno yamekwisha.

PremioMasaka
Sikubaliani kabisa na kusema alumini ni mbaya. Mimi nazitumia kwa Toyota Premio, ni zile za Kijapani za 7075 zilizofuliwa si za kumiminwa kwenye kalibu, na ziko sawa mpaka leo. Lakini gari yangu haiguswi na mashine ya upepo, nafungua mwenyewe, naanza kwa vidole mpaka nati ikae, halafu namalizia na toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa 103 Nm kama kitabu cha Toyota kinavyosema. Kwa fundi wa tairi nampelekea rimu tu, gari inabaki nyumbani kwa jeki stendi. Kama uko tayari kuishi hivyo alumini haitakusumbua na zinapendeza, chuma ile rangi ya juu ikikwanguliwa tu na spana kutu inaanza hapo hapo.

InjiniaMbale
Niongeze kitu, watu wengi wanasikia "alumini" wanafikiri ni ya sufuria. 7075 ni aloi ya ndege, ina zinki ndani, ina nguvu kweli kweli. Shida ni kwamba sokoni huwezi kujua kwa macho kama ni 7075 au ni takataka imepakwa rangi, zote zinang'aa sawa. Hata ile nzuri bado uso wake ni laini kuliko stadi ya chuma, kila ukifungua na kufunga inasagika kidogo.

Halafu hili la uzito. Alumini ina uzito wa kama theluthi moja tu ya chuma, ni kweli. Lakini piga hesabu, Forester ina nati 20 na ukibadilisha zote hupunguzi hata kilo moja kwa gari nzima. Tena nati ziko karibu na katikati ya gurudumu, si pembeni kwa tairi ambapo uzito unasumbua zaidi, kwa hiyo kwa mwendo wa Jinja Road hutasikia chochote. Kwa mtu anayeshindana na anayehesabu kila gramu sawa, tena huyo ana fundi wake anayekagua nati kila wakati. Ndugu yetu wa Busia hana huyo fundi.

DerevaArua
Na hata chuma si zote, angalieni. Kuna zile za kromu zenye kofia nyembamba imevikwa juu ya nati, maji yakiingia chini ya kofia kutu inavimba na spana haiingii tena, ya 21 inakuwa ndogo ya 22 inacheza. Nimeshawahi kukwama nazo na matatu nje ya Pakwach, abiria wamekaa juani tunagonga spana na nyundo. Nunua nati ya kipande kimoja, chuma tupu, hata kama haina sura nzuri. Tangu nibadilishe sijasumbuka.

MamaWawiliNtinda
Samahanini kuuliza, mimi si mtu wa spana. Nikipata panchari usiku Northern Bypass na watoto ndani, hizi nati nyembamba nitazifunguaje? Mume wangu anataka kuweka kama hizo kwa Toyota Wish yetu.

MakanikaNdeeba
Dada swali lako ni la maana sana. Nati nyembamba nyingi zinafunguliwa na kichwa chake maalum chenye meno, zinauzwa pamoja. Bila hicho kichwa hakuna mtu atakusaidia pale barabarani, ata mwenye spana zote. Kiwekwe ndani ya gari pamoja na jeki na kisitolewe, na kila gari ikitoka kwa fundi hakikisha kimerudi kabla hujaondoka maana ndio kinasahaulikaga kwa benchi. Kama Wish bado ina rimu zake za kiwandani mwambie mzee aache nati za kiwandani, hazina kosa.

InjiniaMbale
Na tena dada, rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota zinatumia nati yenye shingo na washa bapa. Nati hizi za dukani nyingi zina kichwa cha koni nyuzi 60. Ukiweka koni kwa rimu ya washa bapa inagusa ukingo tu, inaonekana imekaza kumbe haijakaa, inalegea njiani. Honda nayo kalio lake, yaani pale nati inapokaa kwa rimu, ni la mviringo kama mpira, nayo haitaki koni. Hili la kalio la nati ni la hatari kuliko swali la alumini na chuma, na muuzaji mara nyingi hakuulizi hata rimu yako ni ya aina gani.

ForestaBusia
Nimewaelewa wakubwa, nakwenda chuma. Rimu zangu si za kiwandani na kalio lake ni la koni, nimeangalia. Sasa nati zenyewe nitajuaje zinaingia kwa Subaru? Muuzaji anasema za Toyota na Subaru ni moja.

PremioMasaka
Hapana ssebo! Zote ni za stadi yenye unene wa milimita 12 ndio maana anachanganya, tofauti ni namba ya pili, umbali kati ya jino na jino. Toyota ni 12x1.5, pamoja na Honda, Mitsubishi na Mazda. Subaru, Nissan na Suzuki ni 12x1.25, meno yamekaribiana zaidi. Ya Toyota kwa Subaru itaingia mizunguko miwili mitatu halafu itakaza, na fundi mwenye mashine atalazimisha, hapo umeua stadi na nati kwa pamoja.

MakanikaNdeeba
Jaribu pale pale dukani kabla ya kulipa. Toa nati moja ya gari lako, nenda nayo, linganisha meno. Au fungua gurudumu moja pale parking uzungushe nati mpya kwa vidole bila spana, ikipita laini mpaka ndani ni yenyewe. Hesabu na mizunguko rimu ikiwa imekaa kwa habu, pale stadi zinapotokea, kwa 1.25 unataka kama kumi hivi kabla haijakaza, ikiwa tano tu rimu ni nene kuliko stadi zako na unahitaji stadi ndefu, usiendeshe hivyo.

Stadi zifute kwa brashi ya waya, usipake girisi wala oili, ukipaka utakaza kupita kiasi bila kujua. Kaza kwa mtindo wa nyota, si kuzunguka. Ukishatembea kama kilomita 80 mpaka 100 rudia kukaza, rimu ikiwa imepoa, kwa hiyo ukifunga Kampala asubuhi simama Jinja upumzike ipoe kwanza ndio uangalie. Nati za zamani usitupe, kama spea yako ni rimu ya chuma ya kiwandani ziweke pamoja nayo kwa buti.